Darubini Ilitoka Wapi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila picha mpya kutoka anga za mbali inaposambaa, maswali yale yale hurudi: nani alianzisha darubini, lini, na ilikuwaje hadi vipande viwili vya kioo vikabadilisha elimu ya nyota? Majibu mengi yanayozunguka yamefupishwa mno hadi yamepoteza ukweli. Hapa yamejibiwa yale yanayoulizwa zaidi. Baadhi yamepewa nafasi kubwa kwa sababu yanastahili. Mengine yanamalizwa kwa maneno machache.

Nani hasa alibuni darubini?

Mtu wa kwanza tunayeweza kumtaja kwa ushahidi wa maandishi ni Hans Lipperhey, fundi miwani wa mji wa Middelburg, jimbo la Zeeland, Uholanzi. Alizaliwa Wesel, Ujerumani, akahamia Middelburg na kuoa huko mwaka 1594. Tarehe 25 Septemba 1608 wakuu wa jimbo walimwandikia barua ya utambulisho kwenda kwa wajumbe wao waliokuwa The Hague. Walieleza kwamba mwenye barua hiyo ana chombo kinachomfanya mtu aone vitu vya mbali sana kana kwamba viko karibu. Tarehe 2 Oktoba ombi lake la hataza ya miaka 30, yaani haki ya kuwa mtengenezaji pekee, likafika mbele ya Baraza Kuu la Majimbo, chombo cha juu kabisa cha utawala wa nchi.

Kuwa wa kwanza kuomba hataza, hata hivyo, si lazima kuwa wa kwanza kutengeneza. Wiki hazikupita nyingi wakatokea wengine waliosema nao wanaijua kazi hiyo. Mwishowe Baraza likakataa kutoa hataza kwa sababu ufundi wenyewe ulikuwa umeshajulikana kwa watu kadhaa. Kwa maoni yangu, wajumbe wale waliona mbali kuliko wengi waliokuja kubishana baadaye. Darubini haikushuka kwenye kichwa cha mtu mmoja usiku mmoja. Ilitoka mikononi mwa mafundi miwani, watu waliokaa na lenzi mezani mchana kutwa, na heshima ya kwanza ni yao.

Hao wengine waliojitokeza ni akina nani?

Wa kwanza ni Jacob Metius wa Alkmaar, mtoto wa mhandisi na mwanahisabati Adriaan Anthonisz. Ombi lake liliwasili The Hague Oktoba hiyo hiyo ya 1608. Baraza lilimpa gilda 100 (gilda ilikuwa fedha ya Uholanzi) kama motisha na kumtaka aendelee kukiboresha chombo chake, lakini mtu huyu alikuwa msiri kupita kiasi. Alikufa bila kuwaonyesha watu kazi yake. Hata hivyo jina lake halikupotea: mwanafalsafa Mfaransa René Descartes, alipoandika kuhusu lenzi mwaka 1637, alimpa yeye sifa ya ubunifu.

Wa pili ni kijana ambaye barua ya tarehe 14 Oktoba 1608 kutoka Zeeland haikumtaja jina, ilisema tu kwamba naye anaujua ufundi huo. Wengi wanaamini alikuwa Sacharias Janssen, jirani yake Lipperhey na fundi miwani wa mji ule ule.

Kuna na wa tatu, asiyejulikana kabisa. Mnajimu (mtaalamu wa elimu ya nyota) wa Ujerumani Simon Marius aliandika mwaka 1614 kwamba katika maonyesho ya biashara ya Frankfurt, majira ya kupukutika majani ya 1608, Mholanzi mmoja alijaribu kumuuzia ofisa wa kijeshi aitwaye Hans Philip Fuchs von Bimbach chombo cha namna hiyo. Lenzi moja ilikuwa na ufa, bei nayo ikawa juu mno, biashara ikavunjika. Fuchs alirudi nyumbani akamsimulia Marius, wakaanza kuhangaika kutafuta lenzi za kutengeneza cha kwao.

Mbona vitabu vingine vinasema ni Janssen, mwaka 1590?

Kwa sababu ya ushahidi uliotolewa miaka mingi baada ya tukio. Mwaka 1655 balozi Willem Boreel, mzaliwa wa Middelburg, aliutaka mji wake uchunguze nani hasa alikuwa wa kwanza. Mmoja wa waliohojiwa alikuwa Johannes Sachariassen, mtoto wa Janssen, naye akasema baba yake alikibuni chombo hicho mwaka 1590. Daktari Mfaransa Pierre Borel akayachapisha hayo kitabuni mwaka huo huo, na tangu hapo yamekuwa yakinakiliwa.

Tatizo ni kwamba Janssen alizaliwa takriban mwaka 1585. Mwaka 1590 alikuwa mtoto wa miaka mitano. Tena maisha yake hayamsaidii sana kama shahidi wa mambo yake mwenyewe, kwani aliwahi kutiwa hatiani kwa kughushi sarafu. Hilo halimaanishi hakujua kutengeneza darubini mwaka 1608. Huenda alijua vizuri. Ni tarehe ya 1590 isiyosimama. Wanaotaka kuchimba zaidi wamebaki na pengo kubwa, maana hifadhi ya nyaraka ya Middelburg iliungua mji uliposhambuliwa Mei 1940.

Je, ni kweli watoto wawili ndio walioigundua wakichezea lenzi dukani?

Hadithi hiyo ni tamu: watoto wanaingia dukani kwa Lipperhey, wanashika lenzi mbili, wanatazama kilele cha kanisa, wanapiga kelele. Hakuna nyaraka ya mwaka 1608 inayoitaja. Ilikuja baadaye, ikapambwa kila iliposimuliwa.

Si Galileo aliyebuni darubini?

Hapana, na mwanahisabati huyo wa Italia mwenyewe hakudai hivyo. Katika kitabu chake cha Machi 1610 aliandika waziwazi kwamba alisikia habari za chombo kilichotengenezwa na Mholanzi. Alichofanya ni kukiboresha haraka kuliko mtu yeyote wa wakati wake na kukielekeza angani kwa bidii na utaratibu, kisha akachapisha alichokiona. Hayo yanatosha kumpa sifa kubwa. Hakuna haja ya kumwongezea isiyo yake.

Miwani ilikuwepo karne tatu kabla. Kwa nini darubini ikachelewa hadi 1608?

Hili ndilo swali bora kuliko yote, na ningependa liulizwe mara nyingi kuliko lile la "nani".

Miwani ya kwanza ilitengenezwa Italia karibu mwaka 1286. Ilikuwa ya lenzi zilizobinuka, kwa ajili ya wazee ambao macho yao yameshindwa kusoma karibu. Lenzi zilizobonyea, za watu wasioona mbali, zilikuwa zikiuzwa Florence katikati ya karne ya 15. Kwa hiyo kufikia mwaka 1460 hivi vitu vyote viwili vinavyohitajika vilikuwa sokoni. Fundi yeyote angeweza kushika lenzi ya mzee kwa mkono mmoja, ya kijana asiyeona mbali kwa mkono mwingine, akazipanga mstari mmoja na kutazama dirishani. Bila shaka wapo waliojaribu. Walichokiona ni ukungu.

Sababu iko kwenye kioo chenyewe na jinsi kilivyosagwa. Kioo cha zama hizo kilikuwa na viputo na mistari ndani yake. Usagaji nao uliipa lenzi umbo zuri katikati, lakini kadiri ulivyokaribia ukingo umbo lilipotoka. Kwa miwani, kasoro hiyo haimsumbui mtu: mboni ya jicho ni ndogo, na kila mara hutazama kupitia kieneo kidogo tu cha lenzi. Kwa darubini mambo ni tofauti kabisa. Lenzi ya mbele hukusanya mwanga kupitia uso wake wote kwa pamoja, na mwanga wa pembeni uliopinda vibaya unaangukia juu ya mwanga mzuri wa katikati. Picha inaharibika. Ukiikuza mara tatu, umekuza na uharibifu wake.

Mtafiti wa Uswisi Rolf Willach, aliyepima lenzi nyingi za zamani zilizosalia, ametoa hoja ambayo mimi naiona ina nguvu: kilichofungua mlango ni kuifunika lenzi ya mbele pembeni na kuacha tundu dogo katikati. Ukiziba ukingo wenye kasoro, unabaki na sehemu nzuri tu, na ghafla picha inatulia. Ni wazo linalopingana na akili ya kawaida, maana anayetaka kuona zaidi hafikirii kuupunguza mwanga. Ndiyo maana lilichukua muda mrefu hivyo. Na huenda ndiyo maana lilienea upesi hivyo: ukishaoneshwa mara moja, huhitaji kufundishwa tena. Galileo mwenyewe, katika barua ya tarehe 7 Januari 1610, alishauri lenzi ya mbele ifunikwe kwa sehemu na tundu linaloachwa liwe na umbo la yai.

Kwa nini Middelburg, mji mdogo vile?

Siku hizo haukuwa mdogo kwa biashara. Ulikuwa wa pili baada ya Amsterdam katika Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki, iliyoundwa mwaka 1602. Antwerp ilipoangukia mikononi mwa Wahispania mwaka 1585, mafundi na wafanyabiashara wengi walikimbilia Zeeland. Middelburg ilikuwa na kiwanda cha kioo tangu 1581, kikitengeneza kioo cheupe kwa mtindo wa Kiitalia. Kioo safi, mafundi, wateja wenye fedha: vyote vilikuwa mtaa mmoja.

Ni nini kilitokea The Hague Septemba ile ya 1608?

Wakati ule Uholanzi ilikuwa vitani na Hispania kwa miongo mingi, na The Hague kulikuwa na mazungumzo ya amani. Ambrogio Spinola, jenerali mkuu wa upande wa Hispania, alikuwa mjini kama mgeni wa maadui zake. Ujumbe kutoka Siam, nchi ambayo leo ni Thailand, nao ulikuwa umefika tarehe 10 Septemba. Kijarida kilichochapishwa wiki chache baadaye kuhusu ujumbe huo wa Siam ndicho chenye taarifa ya kwanza iliyochapwa kuhusu darubini.

Kinasimulia kwamba siku chache kabla Spinola hajaondoka, fundi miwani wa Middelburg, mtu wa hali ya chini na mcha Mungu, alimletea Mwanamfalme Maurits, mkuu wa jeshi la Uholanzi, chombo chake. Wakapanda mnara wa The Hague. Kutoka pale waliona wazi saa ya mnara wa Delft, na madirisha ya kanisa la Leiden, miji iliyo mwendo wa saa moja na nusu na saa tatu na nusu kwa njia ya nchi kavu. Spinola alipokitazama alimwambia Frederik Hendrik, ndugu yake Maurits, kwamba tangu sasa hatakuwa salama tena kwa sababu wataweza kumwona angali mbali. Akajibiwa kwamba askari watakatazwa kumpiga risasi. Maneno ya kiungwana, lakini kila aliyekuwa pale alielewa kilichokuwa kimebadilika. Kijarida hicho hicho kinaongeza, karibu kwa kupita, kwamba hata nyota zisizoonekana kwa macho zinaonekana kwa chombo hicho.

Baraza Kuu liliutazama ubunifu huu kwa jicho la vita, si la elimu ya nyota. Majira hayo hayo meli za Kiholanzi zilikuwa ndiyo kwanza zimemaliza kuizingira ngome ya Wareno katika kisiwa cha Msumbiji, Julai na Agosti 1608, bila kuiteka. Vita vyao dhidi ya Hispania na Ureno, zilizokuwa chini ya mfalme mmoja, vilifika hadi bahari yetu. Kuiona meli ya adui mapema ilikuwa sawa na kupewa muda wa kuishi.

Lipperhey alilipwa chochote?

Ndiyo, tena vizuri. Baraza lilimwagiza vyombo vitatu, kwa sharti kwamba viwe vya kutazamia kwa macho mawili na lenzi zake ziwe za jiwe la fuwele badala ya kioo. Malipo yalikuwa gilda 900 kwa vyote: 300 mwanzoni, 300 cha kwanza kilipokaguliwa na kukubaliwa mwezi Desemba, na 300 alipokabidhi vilivyobaki Februari 1609. Kutengeneza darubini ya macho mawili iliyolingana sawasawa, kwa mkono, ndani ya miezi michache tangu chombo kizaliwe, ni ufundi ambao haujapewa sifa inayostahili. Hataza alinyimwa Desemba, lakini fedha zilimwezesha kununua nyumba iliyokuja kujulikana kama Maono Matatu ya Mbali. Alifariki 1619.

Darubini hiyo ya kwanza ilifanyaje kazi?

Mbele kuna lenzi iliyobinuka, yenye fokasi ndefu (fokasi ni umbali kutoka lenzi hadi pale inapoukutanisha mwanga). Nyuma, karibu na jicho, kuna lenzi iliyobonyea, yenye fokasi fupi. Lenzi ya mbele huanza kuukusanya mwanga ili ukutane mahali pamoja, lakini kabla haujakutana, ile ya nyuma inaudaka na kuunyoosha uingie jichoni. Ukuzaji ni fokasi ya mbele ukiigawa kwa fokasi ya nyuma: sentimita 50 kwa sentimita 17 ni kama mara tatu, na mara tatu ndio uwezo wa darubini za kwanza. Picha inabaki wima, jambo lililowafaa wanajeshi na mabaharia. Kasoro yake ni uwanja mwembamba: kadiri unavyokuza, ndivyo unavyoona sehemu ndogo.

Je, Waislamu wa zamani walikuwa na darubini? Vipi Ibn al-Haytham?

Hawakuwa nayo, lakini bila kazi yao nadharia ya Ulaya ingechelewa sana. Ibn Sahl, aliyefanya kazi Baghdad, aliandika karibu mwaka 984 kuhusu vioo na lenzi zinazounguza, na ndani yake mna kanuni sahihi ya jinsi mwanga unavyopinda ukitoka hewani kuingia kwenye kitu kingine. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki Kairo karibu mwaka 1040, alionyesha kwa majaribio kwamba tunaona kwa sababu mwanga unatoka kwenye kitu na kuingia jichoni, si jicho linalotoa miale. Kitabu chake kikuu kilitafsiriwa kwa Kilatini karibu mwaka 1200 na kuchapwa Basel mwaka 1572. Mnajimu Mjerumani Johannes Kepler alikisoma kabla ya kuandika nadharia yake ya lenzi. Huo ni mchango wa kujivunia. Ujumbe unaosambaa kwamba alitengeneza darubini hauna msingi, na unamvunjia heshima mtu ambaye kazi yake halisi ni kubwa kuliko uvumi.

Na Waingereza na Waitalia wanaodai walikuwa nayo kabla?

Thomas Digges aliandika mwaka 1571 kwamba baba yake, Leonard, aliona mambo ya mbali kwa kutumia vioo alivyovipanga kwa pembe maalumu. Giambattista della Porta wa Naples aliandika mwaka 1589 kwamba ukijua kuunganisha lenzi iliyobinuka na iliyobonyea utaona vya mbali na vya karibu vikiwa vikubwa na wazi. Agosti 1609 akalalamika kwamba darubini imetoka kwenye kitabu chake. Huenda waliona kitu. Lakini hakuna aliyetoa chombo ambacho mtu mwingine angeweza kukishika na kukitumia, na kwangu mimi hapo ndipo penye tofauti.

Kuhusu kipande cha fuwele kilichochimbwa Nimrud, Iraki, ambacho kiko Jumba la Makumbusho la Uingereza: ni cha karne ya 8 kabla ya Kristo, na uwezo wake wa kukuza ni duni. Si darubini.

Habari zilisambaa kwa kasi gani?

Kwa kasi ya kushangaza. Balozi wa Ufaransa, Pierre Jeannin, alianza kutafuta vyombo hivyo kwa ajili ya mfalme wake kabla mwaka 1608 haujaisha. Mwezi Novemba habari zilikuwa zimemfikia Paolo Sarpi, rafiki wa Galileo, huko Venice. Aprili 1609 mafundi miwani wa Paris walikuwa wanaviuza darajani. Mwaka 1613 nahodha Mwingereza John Saris alimzawadia Tokugawa Ieyasu darubini huko Japani, na mwaka 1615 mmishonari Manuel Dias alikuwa ameshaandika kwa Kichina habari za uvumbuzi wa Galileo.

Galileo aliitengenezaje ya kwake?

Alikuwa mwalimu wa hisabati Chuo Kikuu cha Padua. Katikati ya mwaka 1609 alipata habari, akatengeneza ya kukuza mara tatu, kisha ya mara nane au tisa. Tarehe 21 Agosti aliwapandisha wakuu wa Venice juu ya mnara wa San Marco. Wazee wale walipanda ngazi wenyewe wakaona meli zikija saa mbili kabla hazijaonekana kwa macho matupu. Mshahara wake ukaongezwa kutoka florini 520 hadi 1000 kwa mwaka.

Kisha akaanza kusaga lenzi zake mwenyewe, kwa sababu za madukani hazikumtosha. Tuna kumbukumbu moja ninayoipenda kuliko zote: orodha ya manunuzi aliyoiandika nyuma ya barua iliyomfikia Novemba 1609. Ndani yake kuna risasi mbili za mizinga, za mviringo, za kusagia lenzi. Kuna bomba la bati la kinanda cha kanisani, la kutumika kama mwili wa darubini. Kuna kioo cha Kijerumani kilichosuguliwa, fuwele, vipande vya kioo cha kujitazamia, unga wa kung'arishia, bakuli la chuma, lami na kitambaa cha sufu. Halafu, katika orodha hiyo hiyo, kuna viatu na kofia ya mwanawe Vincenzo, dengu, mchele, zabibu kavu, sukari, pilipili manga, mdalasini na karafuu. Karafuu hizo zilitoka visiwa vya Maluku. Unguja na Pemba zilikuwa bado hazijapanda hata mche. Chombo kilichotikisa elimu ya anga kilinunuliwa safari moja na mahitaji ya jikoni.

Kati ya lenzi nyingi alizosaga, chache tu zilifaa. Mwishoni mwa Novemba alikuwa na darubini ya kukuza mara 20.

Aliona nini, na je, alikuwa wa kwanza kutazama angani?

Hakuwa wa kwanza. Thomas Harriot, Mwingereza, alichora Mwezi kupitia darubini ya mara sita huko Syon, karibu na London, tarehe 26 Julai 1609 kwa kalenda iliyotumika kwao. Hakuchapisha, na mchoro wake ulikuwa wa mistari michache.

Galileo aliona milima na mabonde ya Mwezini, akakadiria urefu wa milima kutokana na vilele vinavyowaka jua upande wa giza. Katika Kilimia, ambapo jicho huona nyota sita au saba, mchoro wake una nyota 36. Tarehe 7 Januari 1610 aliona vinyota vitatu vimejipanga kando ya sayari ya Mshtarii (Jupita). Usiku uliofuata vilikuwa vimehama. Tarehe 13 kikaonekana cha nne. Ilibidi akubali kwamba ni miezi inayoizunguka Mshtarii, na hapo ikaanguka hoja kwamba kila kitu angani lazima kiizunguke Dunia. Kitabu kilitoka Venice tarehe 13 Machi 1610, nakala 550. Mwishoni mwa mwaka huo aliiona Zuhura ikipita awamu kama za Mwezi, ushahidi kwamba inalizunguka Jua.

Watu walimwamini mara moja?

Wengi hawakumwamini, na si wote walikuwa wapumbavu. Tarehe 24 na 25 Aprili 1610 alipeleka darubini Bologna, nyumbani kwa profesa Giovanni Magini. Wageni waliokusanyika walitazama na hawakuridhika. Uwanja ulikuwa mwembamba, jicho lilihitaji kuzoea, na nyota zilionekana na vivuli. Kepler alimuunga mkono kwa maandishi kabla hajaona. Kisha mwishoni mwa Agosti akaazima darubini moja ya Galileo kutoka kwa mtawala wa Cologne na kuiona miezi hiyo kwa macho yake. Wanajimu Wajesuiti wa Roma, chini ya mzee Christopher Clavius, walithibitisha Desemba.

Kepler alibadilisha nini?

Mwaka 1611 alieleza kwa hesabu darubini ya lenzi mbili zilizobinuka. Picha yake inapinduka juu chini, jambo lisilomsumbua mtazama nyota, na uwanja wake ni mpana zaidi. Kufikia katikati ya karne hiyo wanajimu walikuwa wanatumia mtindo huo.

Kwa nini darubini zikawa ndefu kama milingoti?

Lenzi hutawanya rangi za mwanga, kila rangi ikikutana mahali pake, na nyota inapata ukingo wa rangi. Lenzi yenye fokasi ndefu sana hupunguza kero hiyo. Christiaan Huygens aliugundua Titan, mwezi wa Zohali, tarehe 25 Machi 1655 kwa darubini ya namna hiyo; Johannes Hevelius wa Danzig alijenga yenye urefu wa kama mita 46, iliyotundikwa kwenye mlingoti kwa kamba. Upepo kidogo, kazi imekwisha.

Isaac Newton alipita njia nyingine: mwaka 1668 akatengeneza darubini ya kioo cha kuakisi badala ya lenzi, kwa mchanganyiko wa shaba na bati, ndogo ya kushikika mkononi lakini ikikuza karibu mara 40. James Gregory alikuwa amependekeza wazo la kuakisi mwaka 1663 bila kupata fundi wa kulikamilisha. Lenzi zisizotawanya rangi zilipewa hataza 1758, kwa jina la John Dollond wa London, ingawa Chester Moor Hall alizitangulia kwa zaidi ya miaka 20.

Darubini za Galileo ziko wapi leo?

Mbili ziko Museo Galileo, Florence, pamoja na lenzi moja iliyovunjika ya ile aliyoitumia kwa uvumbuzi wake, imewekwa kwenye fremu ya pembe za ndovu. Ukitazama kupitia darubini yake ya mara 20, huoni hata nusu ya upana wa Mwezi kwa wakati mmoja. Alichora Mwezi mzima kwa kuusogelea kipande kwa kipande.

Naweza kutengeneza kama ya Lipperhey nyumbani?

Unaweza, na nakuhimiza ufanye hivyo. Tafuta lenzi ya miwani ya kusomea ya +2, ile inayouzwa mitaani, na lenzi ya -6 kutoka duka la miwani. Viringisha mirija miwili ya karatasi ngumu, mmoja uingie ndani ya mwingine. Bandika +2 mbele na -6 upande wa jicho, ziachane kama sentimita 33, kisha sogeza taratibu hadi picha itulie. Utapata mara tatu. Ukitaka mara kumi, tumia +1 na -10, ziachane sentimita 90.

Sasa fanya jaribio lenyewe: tazama kibao cha duka la mbali lenzi ya mbele ikiwa wazi yote, kisha ifunike kwa karatasi nyeusi yenye tundu la sentimita mbili na utazame tena. Herufi zitakaa sawa. Usiku, anza na Mwezi wa robo ya kwanza, mpakani mwa mwanga na giza, ambapo vivuli vya milima ni virefu. Kwa miezi ya Mshtarii, iegemeze darubini ukutani au kwenye dirisha, maana mkono unatetemeka kuliko unavyodhani. Usiielekeze kwenye Jua kamwe, hata kwa sekunde moja, hata likiwa linazama. Jicho linaweza kuharibika moja kwa moja kabla hujahisi maumivu yoyote. Kama watoto wapo karibu, ifungie kabatini mchana.